Usiku Mmoja wa Ndege

Tarehe 2 mwezi wa tatu, Jumapili

Mwanangu Kiroboto, salamu nyingi zikufikie huko uliko. Mimi mama yako mzima, ni huu mgongo tu na ugomvi wake wa kila siku. Baba yako anakusalimu, anasema hajambo, anasema uendeshe taratibu, utadhani ulikwenda huko na lori. Shangazi yako anakusalimu, yupo na mdomo wake upo. Mpangaji wa chumba cha uani, yule mshona viatu, anakusalimu, bado hajaoa na bado anaimba. Jirani wa ukuta mmoja anakusalimu pamoja na mapacha wake, sasa wanatembea na wanatuibia vibanio vya nguo. Kucha wa mapokezi pale nyumba ya wageni anakusalimu, kucha zake mwezi huu ni za kijani. Hata paka nakusalimia kwa niaba yake, amezaa tena chini ya kitanda chako na nimeshindwa kumfukuza.

Ulisema kwenye simu hela inaisha kabla maneno hayajaisha, kwa hiyo niwe naandika, na daftari likijaa nilitume. Haya, naandika. Shule yangu unaijua ilipokomea. Ukiona herufi zimelala ujue na mwandishi amechoka.

Mvua imeanza leo. Imekuja mchana kweupe, nikakimbilia kamba, mashuka yote ya nyumba ya wageni nikayarudisha mikononi yakiwa mazito kuliko nilipoyaanika.

Watu wananiuliza, huna huzuni, mtoto kaenda mbali hivyo? Nawaambia sina. Nilikuwepo wakala wa tiketi alipotusomea ile karatasi yako: anaondoka saa nne usiku, anafika saa nne asubuhi. Usiku mmoja! Baba yako na lori lake mpaka mpakani zilikuwa siku nne, na hapo barabara haijakatika. Nikasema moyoni, mwanangu hajaenda mbali. Amelala chumba cha pili, ni ukuta tu umekuwa mnene kidogo.

Tarehe 5

Mvua. Mashuka hayakauki.

Tarehe 9, Jumapili

Leo umepiga simu. Nakuandikia na yale ambayo hukuyasikia, kwa sababu daftari hili halijai leo wala kesho, na mpaka ulisome baba yako atakuwa amepona na utanicheka.

Kabla hujapiga alikuwa ameketi kitandani na mito mitatu mgongoni. Siku hizi halali chali, anasema akilala chali pumzi inampotea. Analala ameketi kama yuko kwenye usukani. Simu ilipolia akanyoosha shati, akakohoa kile kikohozi chote alichonacho akimalize, ndipo akapokea. "Dereva hodari! Huko barabara zikoje?" Sauti imejaa chumba. Ukacheka, nikakusikia. Ukamwambia kazi ya kuwahudumia wazee si mbaya, kuna mzee mmoja hakubali kuogeshwa mpaka umwimbie. Akasema, "Mwimbie, ila usimzoeze nyimbo ndefu." Halafu akasema kuna mtu mlangoni, akanipa simu.

Hakukuwa na mtu mlangoni, mwanangu. Pumzi ilikuwa imeisha. Wewe ukaniuliza, "Mama, baba ana mafua?" Nikasema ndiyo, mafua ya mvua. Shangazi yako alikuwa amesimama pale na kikombe, akanitazama kama nimeiba.

Tarehe 12

Nimefunga kamba chumbani kwetu. Tunaishi ndani ya mashuka ya watu.

Tarehe 17

Miguu imevimba. Jana nilibonyeza kwa kidole kifundoni, shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Leo tumempeleka hospitali mimi na shangazi yako, yeye kamshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto, na njia nzima wifi yangu huyu anawafokea watu watupishe, hata wale waliokwisha kupisha.

Daktari ni kijana mpole. Akasema moyo umetanuka, unasukuma damu kwa shida, ndiyo maana maji yanabaki miguuni na kifuani.

Baba yako akauliza, "Kwa hiyo ni pampu?"

"Unaweza kusema hivyo, mzee."

"Basi afadhali. Injini nzima ipo."

Daktari akacheka kisha akaacha kucheka. Ametupa dawa za kutoa maji, akasema chumvi basi, na arudi kila wiki. Nikamuuliza atapona lini. Akasema, "Mama, huu si ugonjwa wa kupona. Ni wa kuutunza." Sikuelewa, au nilielewa nikajifanya sikuelewa.

Njiani baba yako akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Asije mtu akamwambia mtoto. Yuko kwenye miezi ya majaribio. Akiondoka sasa kazi hana, na kurudi tena hawamruhusu. Nikizidiwa mtamwita."

Shangazi yako akamjibu papo hapo. "Utazidiwa vipi tena wewe, upande juu ya paa ndiyo tujue?"

Mimi nikawa upande wa baba yako. Nikawaambia hakuna haja ya kugombana, mambo yakibadilika tunampigia jioni, asubuhi yuko hapa. Baba yako akanitazama kidogo. Akasema, "Ndiyo hivyo." Akageukia dirishani.

Tarehe 20

Meneja amenirudishia mashuka sita, anasema yananuka ukungu. Nimwambie nini, nimkaushie kwa kuyapuliza? Nimeyapiga pasi ya mkaa mpaka mvuke umejaa chumbani. Baba yako kaniambia nimefungua jiko la treni. Shangazi yako akamwambia anyamaze, atunze pumzi. Ana amri huyu mwanamke. Amehamia sakafuni chumbani kwetu na godoro lake bila kuuliza mtu.

Tarehe 23, Jumapili

Umepiga. Nimesema baba yako amelala. Ni kweli alikuwa amefumba macho. Ukasema mwamshe kidogo tu. Nikasema hapana, mwache, si unajua akiamshwa anakuwa kama nyuki.  Ukasema, "Mama, mafua gani hayo ya wiki mbili?" Nikakuuliza habari za baridi, kama umenunua soksi.

Tarehe 27

Tumegombana mimi na shangazi yako, tena kwa sauti, uani, mpaka mshona viatu akaacha kuimba. Nilikuwa nakamua shuka, yeye kashika ncha ya pili, tunazungusha kila mtu upande wake.

"Wifi, mpigie mtoto."

"Baba yake kakataa."

"Baba yake ni kaka yangu, nimemjua kabla yako. Huyo hata akiungua ataomba kiberiti. Mpigie."

"Akizidiwa nitapiga. Ni usiku mmoja tu."

"Usiku mmoja, usiku mmoja! Umelipata wapi hilo neno, kila siku unalimeza kama dawa?"

Nikamwambia yeye hana mtoto, hajui. Neno hilo lilitoka, mwanangu, na likishatoka hulirudishi.  Shangazi yako akakamua ncha yake mpaka maji yakaisha, akakunja shuka, akaliweka juu ya beseni, akaingia ndani. Nilipoingia baadaye nilimkuta kapiga magoti anampaka baba yako mafuta miguuni, kila kidole peke yake, polepole, kama anahesabu kunde. Sikumwomba radhi. Nilisimama mlangoni na beseni langu nikaona aibu.

Miaka yote nimemwona mwanamke mdomo tu.

Tarehe 28

Nimemwomba radhi. Akasema, "Lete hiyo foronya, ina tundu, niishone."

Tarehe 1 mwezi wa nne

Hajala. Mvua haijakatika tangu jana.

Tarehe 4, Ijumaa

Leo nimejua jambo.

Asubuhi nilipeleka mashuka. Kucha alikuwa mapokezi anapaka rangi, akaniambia, "Mama Mashuka, uso wako leo umejikunja kama foronya." Sina kawaida ya kumweleza mtu mambo ya nyumbani, lakini yalitoka yenyewe. Nikamwambia mzee hali yake si nzuri, daktari jana kabadilisha dawa mara ya pili, na nadhani sasa ni wakati. Nikamuuliza, kwa kutaka tu aniitikie, "Nikimwambia Kiroboto leo jioni apande ndege, kesho asubuhi si yupo hapa?"

Akaacha kupaka. "Kesho ipi, mama?"

"Kesho hii, Jumamosi."

Akachukua simu yake, akaandika jina la mji wetu na jina la mji ulioko wewe. "Kwa ndege ni kilomita elfu kumi na mbili na kitu."

"Mimi kilomita sijawahi kuendesha. Niambie usiku ni ngapi."

"Si usiku mmoja, mama. Kwenda tu ni saa ishirini."

"Wakala alisoma mbele yangu! Saa nne usiku mpaka saa nne asubuhi."

"Saa nne asubuhi ya kwao. Wao wakiwa saa nne asubuhi, sisi huku tunawasha taa za jioni."

Nikamwambia jua ni moja. Akasema ni moja, ndiyo maana haliwezi kuwa kwetu na kwao kwa pamoja. Akaona simwelewi, akakunjua shuka moja nililolipiga pasi, akalitandaza juu ya kaunta. Akasema hapa ndipo sisi, akaweka chupa ya rangi. Kule mwisho wa shuka ndipo yeye, akaweka kifuniko. Halafu mkono wake ukawa jua. Ukiondoka huku kwenda kule unakwenda upande uleule linakokwenda jua, saa za kule ziko nyuma, kwa hiyo karatasi inaonyesha safari fupi. Ukirudi unakuja kinyume cha jua, na zile saa zote ulizopewa bure unarudisha. "Akiondoka kule jioni, hapa tayari ni alfajiri ya kesho yake. Atakuwa hewani siku nzima yetu. Halafu kuna mji wa katikati anapobadilisha, na ndege ya kutoka pale kuja huku haiji kila siku. Akiikosa, analala palepale kwenye viti. Mama, hesabu siku mbili, tena nafasi ikipatikana."

Nilikaa juu ya tita la mashuka machafu. Kucha akawa anasema mama, mama, nikuletee maji? Nilikuwa naangalia lile shuka. Chupa huku, kifuniko kule, na katikati weupe mtupu.

Wiki zote hizi nilikuwa nakuweka chumba cha pili.

Nilirudi nyumbani bila mwavuli. Nikamkuta baba yako kwenye mito yake. Nikamuuliza hata sijavua viatu, "Wewe ulijua kwamba si usiku mmoja?"

Akasema, "Nilijua. Kilomita ndiyo kazi iliyonizeesha. Njia hiyo ingekuwa ya lori ningebadilisha oili mara mbili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapata usingizi, mama Kiroboto. Nikuamshe ili iweje?"

Basi nikalia mbele yake, jambo ambalo tangu augue sikuwa nimelifanya. Akaniacha nilie. Halafu akasema, "Haya. Mwite." Mwanangu, baba yako akisema mwite, ujue ameshapima njia iliyobaki.

Tarehe 4, jioni

Nimekupigia kwa simu ya Kucha. Kwenu ilikuwa asubuhi, uko kazini. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanikimbia. Nikasema, "Baba yako anaumwa moyo. Njoo."

Ukauliza, "Tangu lini?"

"Tangu mvua ianze."

 Kisha ukasema, na maneno haya ninayo hapa kifuani hadi sasa ninapoandika: "Mama, mimi huku asubuhi mpaka jioni nawanyanyua baba za watu. Nawageuza, nawavalisha. Wangu unaniambia ana mafua."

Nilitaka kukueleza habari ya usiku mmoja, ikawa kitu cha kijinga kukisema kwa mdomo. Ndiyo maana nakiandika. Sikukuficha kwa kutokujali. Nilidhani uko karibu.

Tarehe 6, Jumapili

Umepiga mara tatu. Nafasi hakuna mpaka Alhamisi. Bosi wako amekwambia ukienda usirudi. Ukasema basi sirudi. Baba yako alisikia, nilikuwa nimeweka simu karibu naye.  Aliusukuma mkono wake juu ya shuka mpaka ukagusa simu.

Tarehe 8

Hataki uji. Ametaka maji, amekunywa kijiko. Shangazi yako na mimi tunapokezana, mmoja anamshika mgongo, mmoja anabadilisha shuka. Hatugombani tena. Hatuna hata muda wa kuzungumza, tunasema tu inua, shusha, polepole.

Tarehe 9

Daktari amekuja mwenyewe nyumbani. Amekunja vifaa vyake mapema.

Tarehe 10, Alhamisi

Umepiga ukasema unaelekea uwanja wa ndege. Huku kwetu tayari giza, kwenu jua liko juu. Sasa naelewa. Ukasema, "Mwambie anisubiri." Nimemwambia. Akasema, "Mimi nimezoea kusubiri foleni ya mpakani, hii ni nini." Pumzi tatu kwa sentensi moja.

Tarehe 11, Ijumaa

Kiroboto, mwanangu. Ukurasa huu nimemwita Kucha aje aupige picha aukutumie, ili ukishuka mji wa katikati na kufungua simu uukute. Shangazi yako anasema tusikwambie mpaka ufike, utaanguka huko peke yako kati ya watu usiowajua. Huenda ana haki. Lakini nimekuficha mvua nzima, na leo siwezi tena. Kaa chini kwanza. Tafuta kiti, ukae, ndipo usome.

Baba yako amefariki leo mchana. Wewe bado ulikuwa hewani.

Nakueleza ilivyokuwa. Asubuhi aliamka mwepesi, akaniuliza, "Amefika wapi?" Kucha alikuwa ameniambia mmeruka alfajiri yetu, kwa hiyo nikamjibu la kweli, nikasema yuko juu ya bahari. Akatikisa kichwa, akafumba macho. Baada ya kitambo akauliza tena, amefika wapi. Nikasema bahari imekwisha, sasa ni nchi kavu. Hilo sikulijua, nililisema tu. Nikaona uso wake umelegea. Basi kila alipouliza nikawa nakusogeza. Nikakushusha mji wa katikati. Nikasema hukulala kwenye viti, ndege ya pili ilikuwepo palepale, injini inawaka, inakungoja wewe. Shangazi yako alikuwa upande wa pili wa kitanda, amemshika miguu, na machozi yanamshuka, lakini hakunikatiza. Mdomo wake wote ule, na hakunikatiza.

Mara ya mwisho hakuuliza kwa sauti, aliuliza kwa nyusi. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Ameshuka. Yuko kwenye teksi, ameshapita sokoni, anakuja."

Akafungua macho akanitazama, mwanangu, kwa lile jicho lake la mtu anayejua kilomita. Na akatabasamu. Akasema, "Dereva huyo anakimbiza." Akavuta pumzi. "Mwambie apunguze. Barabara ina maji."

Nikasema nitamwambia. Nikaendelea, nikasema sasa umekata kona, sasa uko kwa fundi wa baiskeli, sasa unalipa teksi. Ndipo shangazi yako akanyoosha mkono juu ya kitanda akanishika bega. "Wifi," akasema, "basi. Amekwisha kufika yeye."

Sijui kama nilimdanganya baba yako au ni yeye aliyenisaidia kusema. Nadhani alijua uko wapi hasa, kuliko sisi wote. Lakini nilimwambia umefika, na neno hilo ndilo alilokwenda nalo, na mimi ndiye niliyelisema.

Tutakungoja. Shangazi yako amesema hatumziki mpaka ukanyage hapa, na watu wa ukoo wakisema lolote watamkuta yeye mlangoni. Tumemtandikia mashuka ya nyumba ya wageni, yale mapya, nitayaeleza kwa meneja nitakavyoweza. Mvua bado inanyesha. Mimi nimeketi karibu naye.

Usinikasirikie mpaka ufike. Ukifika nikasirikie utakavyo, nitakaa nisikilize.

Ila ukiona ukurasa huu usiuache kimya. Nijibu upesi, hata neno moja, uniambie uko mji gani na ndege ya kuja huku inaondoka lini. Upesi, mwanangu, kabla hawajamfunika uso. Nataka nimwinamie tena nimwambie umefika wapi, na safari hii iwe kweli.